Nilivyompa Mama Damaris Ndege Asiye Wake

Kuna kanisa moja mjini Nakuru ambalo nikilikaribia huvuka barabara nikapita upande wa pili, na si kwamba nimeiacha dini, la, kila Jumapili niko kanisani kule kwetu Njoro na hata naimba besi (vibaya, lakini naimba), ila ndani ya kanisa lile la Nakuru nilisimama siku moja mbele ya watu wasiopungua mia mbili, nimevaa koti la kuazima, nikaaibika mpaka nikaona miguu yangu kama ya mtu mwingine. Wengine wenu mmeisikia hadithi hii kwa watu, na najua imetiwa chumvi njiani. Leo wacheni niwape ile isiyo na chumvi, ambayo kwa kweli ndiyo mbaya zaidi.

Mnanijua, mimi ni Barasa. Babu alikuja Nakuru kutoka Bungoma kufanya kazi ya reli, baba akaingia kiwandani, na mimi nikaangukia kwa ndege, si zile za kubeba abiria, ndege wa manyoya. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaotaka kuwaona, mara ziwani, lakini hasa msitu wa Mau, huko juu ya Njoro. Mama mkwe wangu akiulizwa mkwewe anafanya kazi gani hujibu, "Anaonyesha watu ndege," kwa sauti ile ile ambayo ungesema, "Bado anatafuta."

Sasa, ili mlielewe kosa langu lazima niwaeleze ndege wawili, na nisikilizeni vizuri kwa sababu mimi niliyesomea jambo hili ndiye niliyelivuruga. Kuna jamii ya ndege tunaowaita thrashi (jina tumelichukua kwa Wazungu kama lilivyo, kila mtu analitamka anavyoweza). Wa kwanza ni wa bustani, na huyu mnamjua hata kama hamjui mnamjua: mgongo wa rangi ya majivu yaliyokolea, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo pia wa chungwa kama kipande cha karoti, anarukaruka kwenye nyasi, anasimama, anainamisha kichwa kama anayesikiliza simu ya watu, kisha anachomoa mnyoo. Wa pili ni wa msituni. Huyu uso na kifua vimewaka chungwa zaidi, lakini mdomo wake ni mweusi, jicho limezungushiwa duara jeupe zima kama miwani, na kwenye bawa ana mistari miwili ya madoa meupe. Mdomo, jicho, bawa. Vitu vitatu tu.

Kwenye picha za kitabuni mtoto wa nasari angewatofautisha. Lakini nendeni mkajaribu asubuhi na mapema chini ya miti mikubwa, ukungu haujainuka, yule wa bustani naye anaishi humo humo msituni (hajui kwamba tumempa bustani), wote wawili wanapekua majani makavu chini, na ndege anakuonyesha kifua kwa sekunde mbili nyuma ya matawi kisha anakupa kisogo. Hapo ndipo mtu anapoijua kazi yangu. Hapo pia ndipo mtu anapopata nafasi ya kudanganya.

Mama Damaris ni muuguzi mstaafu, amefanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, na mtaani kwao Nakuru watu wazima aliowapokea walipozaliwa bado wanamwita Sista. Mumewe, Mwalimu Kariuki, alikuwa akifundisha jiografia, na wikendi zake zote alikuwa mtu wa ndege. Alikuwa na daftari gumu lenye jalada la bluu ambamo aliandika kila ndege aliyemwona, jina, mahali na tarehe, kwa mwandiko wa ubao. Alikufa ghafla, presha, asubuhi amekula uji na saa sita hayupo. Mjane wake alipokuwa akipanga vitu vyake akalifungua lile daftari na kukuta jina moja limeandikwa bila mahali na bila tarehe. Thrashi wa msituni. Alikuwa amemwachia nafasi.

Ndipo akatafuta namba yangu, akanipigia.

"Barasa, nimeambiwa wewe ndiye unaujua huo msitu. Sitaki ndege wengi. Nataka mmoja, na nataka kumwona na macho yangu, halafu nimjazie Mwalimu tarehe."

Nilipaswa kumwambia kwamba kwa miaka yote ya kazi yangu ndege huyo nilikuwa nimemwona mara nne, na mara moja kati ya hizo nne ilikuwa mkia. Badala yake nikasema (naisikia sauti yangu hadi leo, imejaa mafuta), "Huyo, Mama? Huyo nitakuonyesha kabla chai yako haijapoa."

Tukaenda. Alikuja na gari la kukodi, dereva akabaki pale barabara inapoishia, na sisi wawili tukaingia kwa miguu, yeye na fimbo yake na kamera ya marehemu shingoni, mimi na kiti cha kukunja na chupa ya chai. Magoti yake yalikuwa mabaya kuliko alivyoniambia kwenye simu. Kipande ambacho mimi hukitembea kwa dakika kumi tulikitembea kwa karibu saa nzima, tunasimama kila baada ya mti wa mtarakwa wa pili au wa tatu, na hakulalamika hata mara moja. Nilimkalisha kando ya kijito, mahali pazuri, pana unyevu na majani mengi yaliyooza. Tukangoja. Chai ikapoa, tukainywa hivyo hivyo. Manyunyu yakaanza.

"Alikuwa anarudi nyumbani amelowa hadi soksi," akaniambia kwa sauti ya chini, bila kuyatoa macho kwenye majani. "Namuuliza, umempata? Anasema, amenikwepa tena, huyo ana akili kuliko mimi. Na mimi nilikuwa nacheka, Barasa. Sikuwahi kuja naye hata siku moja. Nilikuwa nasema nitakuja nikistaafu."

Sasa mwambieni mtu kama huyo kwamba mtarudi mikono mitupu.

Ilikuwa imepita saa mbili hivi ndipo majani yakaruka ng'ambo ya kijito. Kitu kilikuwa kinapekua. Nikamgusa begani, nikamwelekeza kwa kidole, na kutoka nyuma ya jani la kangaga likajitokeza tumbo la chungwa, limeiva, zuri, na naapa kwenu kwamba kwa ile sekunde ya kwanza mimi mwenyewe niliamini. Mama akainua kamera. Ikalia ka-ka-ka-ka. Akanishika mkono kwa nguvu za mtu aliyewahi kuwazuia wagonjwa kuanguka kitandani, na nilipomtazama machozi yalikuwa tayari yameshafika kidevuni.

Na hapo ndege akageuka, akaruka mara mbili mpaka mahali penye mwanga, nikauona mdomo. Karoti. Bawa tupu, halina hata doa. Akachomoa mnyoo wake kwa raha zake kama yuko nyuma ya jiko la mtu, na kamera ya Mama ikalia tena.

"Ni yeye?" Mama akaniuliza.

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, ndiye na siye, na yote mawili ni mafupi, hakuna lililokuwa zito kulitamka kuliko lingine.

"Ndiye, Mama," nikasema.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo, hata ndege hakushtuka. Mama akalitoa daftari mkobani, akaliweka juu ya goti bovu, akalikinga manyunyu kwa leso, akajaza mahali na tarehe. Kisha akampigia binti yake aliye Eldoret, akisahau kabisa kwamba msituni tunanong'ona: "Tumempata! Nakwambia tumempata ndege wa baba yako!" Aliponionyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera nikamwambia aifunge haraka manyunyu yasiingie. Hayo hayakuwa manyunyu ya kuharibu kamera. Nilikuwa naficha mdomo wa karoti.

Njiani nilijiambia kwamba ilikuwa huruma. Mama mzee, mjane, magoti yale, nani ataumia? Ndege hana wakili. Lakini nikijipima kwa haki naona huruma ilikuwa robo, na robo tatu zilizobaki zilikuwa hofu ya kuonekana nimeshindwa baada ya kujigamba na chai yangu.

Jambo lenyewe lingeishia hapo kama uongo ungekuwa na tabia ya kukaa mahali ulipowekwa. Jioni hiyo hiyo Mama aliwaambia watu, watu wakawaambia watu, na kwenye kundi letu la simu la waongoza wageni mwenzangu Jepkosgei, ambaye ana macho makali kuliko sisi sote, akaandika: "Barasa hongera sana! Leta picha tufurahi." Nikamjibu kwamba picha haikutoka vizuri, mvua. Huo ulikuwa wa pili. Kumi na mmoja wakaniandikia pongezi, mmoja akaniita simba wa Mau, na mimi nikawarudishia alama ya mikono iliyounganishwa kama mtu mnyenyekevu.

Miezi miwili ikapita. Mama akapiga simu: ibada ya ukumbusho ya Mwalimu, mwaka mmoja, na angependa mimi nisimame niwaeleze watu jinsi ndege alivyopatikana.

"Mama, Jumamosi hiyo nadhani nina wageni," nikasema.

"Sijasema Jumamosi gani, Barasa. Pasta ameniachia mimi nichague. Niambie wewe utakuwa na nafasi lini, ndiyo tutaweka siku."

Ningeweza kumwambia kila kitu hapo hapo kwenye simu. Tungekuwa wawili tu, yeye na mimi, na labda angenikatia simu na mambo yangekwisha. Nikamtajia Jumamosi. Kisha nikaenda kuazima koti kwa mume wa Jepkosgei, koti la kijivu, mikono mirefu kidogo, na kwa wiki nzima nikawa najifunza hotuba mbele ya ng'ombe wa jirani.

Kanisa lilijaa. Walimu wastaafu, manesi wastaafu, wanafunzi wa zamani wenye vitambi, kwaya ya akina mama wamevaa vitenge sare. Mama Damaris alikuwa mbele na binti yake, amevaa nguo nyeupe, na aliponiona akanikalisha kiti cha pili kutoka kwake. Zikaimbwa nyimbo, yakasomwa maneno, kisha nikaitwa, nikapewa maikrofoni, na ukutani nyuma yangu wakaangaza ile picha kwa projekta.

Ndugu zangu, kwenye kioo cha kamera ndege alikuwa ukubwa wa kidole gumba. Pale ukutani alikuwa mkubwa kuliko mlango. Mdomo wenyewe ulikuwa na urefu wa mkono wangu, wa chungwa, unang'aa, na mnyoo juu yake.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Nikaongea dakika kumi. Niliwaeleza usiri wa ndege huyu, uchache wake, jinsi anavyohitaji subira, nikasema (Mungu anisamehe) kwamba nadhani Mwalimu ndiye aliyemtuma. Watu wakasema amina. Mama akajifuta macho. Nikarudi kukaa, na ningekuwa nimepona, ila Pasta akauliza kama kuna rafiki wa Mwalimu mwenye neno, na kwenye safu ya nne akainuka mzee mwembamba mwenye kofia mkononi, Mwalimu Rono, aliyefundisha biolojia shule moja na marehemu na kutembea naye msituni miaka mingi.

Hakusimama kwa ubaya. Nataka mlijue hilo. Alikuwa ameona kitu kinachomsumbua na alitafuta njia ya kukiuliza bila kumvunjia mtu heshima.

"Bwana Barasa, asante. Naomba nisaidie tu, macho yangu yamezeeka. Huo mdomo wa ndege, ni wa rangi gani?"

Nikasimama tena. Maikrofoni nilikuwa sijairudisha. "Unaonekana wa chungwa, Mwalimu," nikasema, "lakini huo ni mwanga wa asubuhi. Unaubadilisha."

"Aha. Na yale madoa ya bawani?"

"Hufifia. Ndege akiwa mkubwa hufifia."

Hakuna kitu kama hicho. Sijui nilikitoa wapi. Mwalimu Rono akatikisa kichwa polepole, si kama mtu aliyenikamata bali kama mtu aliyesikia habari za msiba, akaanza kukaa. Angekaa na kuniachia. Lakini kando ya mlango alikuwa amesimama mama mmoja mhudumu wa kanisa, mama mwenye sauti yake, na muda huo wote alikuwa anatazama ukutani, anatazama nje, anatazama ukutani.

"Lakini si huyu ndiye huyu anachimba maua yetu hapa nje?" akasema.

Watu waliokuwa upande wa madirisha wakageuka wote pamoja. Nami nikageuka. Pale uani, kando ya bomba, wawili walikuwa wanarukaruka kwenye nyasi. Mmoja akasimama, akainamisha kichwa, akachomoa mnyoo, akauinua kama vile alikuwa ameiona picha.

Mtu akacheka. Kisha safu nzima, kisha kanisa lote, kicheko kile kinachowatoka watu wasipotarajia, na mara wakakumbuka walikuwa wamekuja kwa ajili ya nini na kikakatika.

Mama Damaris akainuka. Binti yake akataka kumsaidia, akakataa. Akaja na fimbo yake hadi pale nilipokuwa, akanitazama, si kwa hasira, kwa namna ambayo nadhani aliwatazama wagonjwa alipotaka kujua ukweli wa maumivu.

"Barasa. Ulikosea au ulijua?"

Nyuma yake nikamwona Mwalimu Rono ananiashiria kwa kichwa, sema ulikosea, sema ulikosea. Alikuwa ananifungulia mlango. Na kila mtu kanisani angenisamehe, maana kukosea ni kwa kila mtu, hata wenye vitabu hukosea. Sijui kwa nini sikuupita mlango ule. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimechoka, nimebeba yule ndege kwa miezi miwili.

"Nilijua, Mama. Si mwanzoni. Aligeuka nikauona mdomo. Ulikuwa umeshaanza kulia."

Nilidhani nimemwambia yeye peke yake. Maikrofoni ilikuwa kifuani kwangu, inafanya kazi, na maneno yale yakatoka kwa spika zote, pamoja na ile ya nje kwenye hema, ambako watu wa chakula walikuwa wanapakua pilau.

 Mama akafungua mkoba, akalitoa daftari la Mwalimu, akalifungua palepale, akaliweka juu ya meza iliyokuwa na maua.

"Usifute," akasema. "Kosa kwenye faili la mgonjwa halifutwi. Unakata mstari mmoja katikati, anayesoma aone ni nini kilikuwa hapo, halafu unaandika kilicho kweli na jina lako. Mimi nimefanya hivyo nikiwa nimekosea dawa, mbele ya daktari na mbele ya wanafunzi. Andika."

Kalamu yangu ikakataa. Nikaikuna kwenye kiganja, ikakataa. Mtu wa safu ya mbele akaninyooshea yake. Nikakata mstari juu ya tarehe ile aliyoiandika kwenye goti akilia, na chini yake nikaandika: Siye huyu. Barasa. Pasta, labda kwa kunihurumia, alianzisha pambio, lakini hakuna aliyeitikia, akaliacha njiani.

Nilidhani sasa nitaruhusiwa kwenda. Nikaweka maikrofoni, nikaanza kuutafuta mlango wa pembeni.

"Tunaenda makaburini," Mama akasema. "Na wewe pia."

Sikuelewa kwa nini ananitaka huko mpaka tulipofika na kitambaa kikaondolewa. Alikuwa ameagiza jiwe jipya la kaburi. Fundi alikuwa amelichonga kutoka kwa picha ile, kazi safi kabisa, ndege wa bustani amesimama, kifua amekipaka chungwa na mdomo ameupaka chungwa, na chini ya jina la Mwalimu na miaka yake kulikuwa na maneno mawili: *Alimtafuta. Tukampata.*

 Upepo wa Nakuru mnaujua, unaleta vumbi hata pasipo na vumbi, na tulisimama nalo usoni. Mama hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alilitazama jiwe kwa muda mrefu, midomo inatetemeka, na hiyo ndiyo sura yake ninayoiona nikifumba macho, si ile ya kanisani. Kisha akamwita fundi, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia yake akingoja kusifiwa.

"Neno la pili litoe. La kwanza ni kweli, liache."

"Mama, likichongwa lote patabaki shimo," fundi akasema. "Halitapendeza."

"Libaki shimo."

"Na ndege?" Mwalimu Rono akauliza kwa upole.

Mama akainama, akakigusa kile kifua kilichopakwa. "Ndege amekosa nini? Huyu alikuwa kwa bustani yetu kila asubuhi. Mwalimu alikuwa anamsalimia. Abaki."

Sikula ile pilau. Nilitembea kutoka makaburini hadi stendi na koti la watu begani, na jioni nikaandika kwenye kundi letu, mimi mwenyewe kabla mwingine hajaandika, kila kitu, pamoja na ile picha. Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha Jepkosgei akaandika: "Ungetuma siku ile ile, tungekucheka mpaka saa tatu, halafu tungelala." Sijawahi kusoma maneno ya kweli kama hayo. Wageni wakapungua, na walikuwa na haki. Nilikaa miezi kadhaa nikipanda Mau peke yangu alfajiri, bila mgeni, nikijifundisha upya kama mwanafunzi, mdomo, jicho, bawa, na nikiona nusu ya ndege naandika nusu ya ndege.

Mama Damaris nilimwendea nyumbani kuomba msamaha. Alinisikiliza, akanipa chai, akasema amesikia. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kuuliza. Kisha mwaka huu, mvua ndefu zilipokaribia, simu ikalia, ni yeye, ananiuliza kama kuna mahali gari linaweza kufika karibu na msitu ili asitembee sana.

Nikamjibu papo, na safari hii sikutaja chai wala kitu kingine chochote. Tukaenda, tukakaa chini ya miti pale barabara inapoishia, blanketi miguuni mwake. Muda mrefu hakukuja kitu. Halafu chini kabisa, kwenye giza la vichaka, majani yakarushwa, na ndege akapita kati ya mashina mawili, chap, akatoweka. Niliona mgongo wa kahawia. Niliona kitu kama joto la chungwa ubavuni. Kila kitu cha mwendo wake, ule upole wake, ule woga, viliniambia ni yeye, wa msituni, yeye hasa.

"Ni yeye?" Mama akauliza.

Nilitamani sana, sana, kumpa.

"Sijui, Mama," nikasema. "Nimeona mgongo tu. Jicho sikuliona, wala bawa."

Hakunitazama. Aliendelea kutazama kwenye vichaka, akaniuliza, "Na moyoni unaonaje?"

"Moyoni naona ni yeye."

"Moyoni hatuandiki," akasema, akalivuta blanketi vizuri. "Haya. Tungoje."

Tulingoja mpaka jua likawa kali na ndege wote wakanyamaza, na hakurudi. Nilimsaidia kuingia garini, na kabla hatujafika Njoro alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyetoka zamu.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkinisikia siku hizi nikimwambia mgeni aliyetoka mbali kwamba sikumwona vizuri na siwezi kumtaja, na mgeni akanuna, msidhani nimepoteza macho. Nimeapa kwamba ndege ambaye sikumwona sitamtaja tena mdomoni mwangu, awe wa nani, aliliwe na nani. Mama Damaris ameniambia mvua zikipungua tutarudi. Sijamwahidi kitu, ila kwamba nitakuwa pale kabla yake.